Siku Bosi Aliponivutia Kiti

Bosi wangu hajawahi kumvutia mtu kiti. Siku aliponivutia mimi, nilijua kibarua kimeota nyasi.

Ngojeni niwape mkasa mzima.

Mimi ni fundi cherehani. Bosi wangu tunamwita Mama Mkasi, maana mkasi wake hauguswi na mtu mwingine pale dukani.

Asubuhi hiyo alipita nyuma yangu akasema, "Tukifunga jioni usiondoke. Nina maneno na wewe."

Basi. Akaenda zake.

Mzee wa Pasi, anayenyoosha nguo zetu, akanisogelea.

"Pole, binti. Wa mwisho kuambiwa hivyo, cherehani yake ndiyo unayoshonea wewe."

Akacheka! Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa na siri.

Macho ya Mama Mkasi yalikuwa yanafifia. Mapindo ya nguo anayoshona kwa mkono yalikuwa yanakwenda upogo, na wateja wangemkimbia. Kwa hiyo nilikuwa nawahi dukani kabla yake, nafumua upindo, nashona upya, halafu nakunja nguo kama alivyoiacha.

Sasa hebu mwambie mtu aliyekufundisha kushika sindano kwamba unamrekebisha. Si matusi hayo?

Siku nzima niliwaza nitamwambia nini mama yangu, ambaye hana tegemeo lingine ila mimi. Nikaunga mkono wa kulia wa blauzi upande wa kushoto. Nikaufumua, nikaurudia palepale.

Jioni akafunga mlango. Akanivutia kiti. Akaniwekea gauni mapajani.

"Nani kashona upindo huu?"

"Wewe, mama."

"Usinifanye mtoto." Akaipapasa ncha ya uzi kwa kidole. "Mimi nafunga fundo moja. Mafundo mawili ni yako. Nimekukataza mpaka nimechoka."

Machozi hayo!

"Nisamehe, mama. Sikutaka uaibike."

Nikaanza kuvua tepu ya kupimia shingoni nimrudishie.

"Vaa tepu yako."

Akaketi mbele yangu.

"Tangu jana nilipoyapapasa mafundo haya, chakula hakipiti," akasema. "Nilijua umeona macho yangu yanafifia. Nikawa nangoja uniage, uende kwa fundi mwenye macho yake."

Kumbe mchana kutwa tulikuwa tunaogopana!

Akausukuma mkasi mezani, mpini ukanielekea.

"Kuanzia kesho unakata wewe. Na nikikosea, niambie usoni. Ukinificha tena, hapo ndipo nitakufukuza."

Wapendwa, ukiitwa kwenye mazungumzo mazito, usidhani ni wewe peke yako unayeogopa. Aliyekuita naye huenda hajala. Nenda ukamsikilize.

Mafundo mawili bado nafunga. Anayapapasa, ananigombeza, na nguo inakwenda kwa mteja.