Bunduki ya Risasi Moja

Swala wa kwanza niliyempiga alichukua usiku mzima kufa. Nilimpiga jioni, katika ranchi moja ya magharibi, mwendo wa saa nne hivi kutoka Kampala, kwa bunduki ya bosi wangu. Tulifuata damu yake hadi jua likazama. Asubuhi tulimkuta amelala chini ya mti wa miiba, tumbo limetobolewa, bado anapumua. Bosi alimmaliza kwa kisu, akafuta kisu kwenye nyasi, kisha akanigeukia mbele ya watu wote.

"Mnaona? Kumfundisha mwanamke bunduki ni kumpigia mbuzi gitaa."

Nilikuwa namtazama swala. Lakini nilijua kilichotokea, na hakikuhusu uanamke wangu hata kidogo. Bunduki ile ilitengenezwa kwa ajili ya nyati. Kila nilipoifyatua ilinipiga teke la punda begani, na mwili wangu, ambao si mjinga, ulikuwa umejifunza kuogopa kabla kidole hakijamaliza kuvuta. Nilifumba macho. Risasi ikaenda nyuma ya pale nilipokusudia, shubiri nzima. Isitoshe, ilikuwa bunduki ya watu wa mkono wa kulia, na mimi ni wa kushoto.

Wakati huo nilikuwa nimefanya kazi miaka sita katika kampuni yake ndogo, inayowapeleka wageni wenye vibali kuwinda swala. Niliingia kama karani wa vibali hivyo. Nikajifunza nyayo, nikajifunza upepo, nikajua kumtofautisha dume mzee na kijana kwa mwendo tu. Nilitaka kuwa mwongozaji wa wawindaji. Sharti la bosi lilikuwa kwamba mwongozaji awe na bunduki yake na leseni yake. Wanaume wanne walikuja nyuma yangu, wakanipita, na wawili kati yao ni mimi niliyewafundisha kusoma kinyesi cha swala.

Tukiwa njiani kurudi Kampala nilimwambia bosi kwamba nitanunua yangu.

"Nunua," akasema. "Lakini kubwa. Mtu mdogo kama wewe hachagui bunduki ndogo."

Nilianza kwa kumwendea baba. Baba alikuwa askari magereza, kwenye gereza kuu la Luzira, Kampala. Tulikulia kwenye nyumba za askari, karibu na bandari ya Port Bell, tukisikia mabehewa yakigongana yanapoingizwa melini. Baba ni mtu wa kaskazini, jirani zetu walikuwa wa kila kabila, kwa hiyo uani kwetu lugha ilikuwa Kiswahili. Mjini watu wengi bado wanakisikia kama lugha ya wanajeshi, ya amri na viboko. Mimi ndiyo lugha niliyochezea kamba.

Baba aliufunga mkono wangu wa kushoto kwa kitambaa. Wakati wa kula aliufunga, wakati wa kuandika aliufunga. "Huo ni mkono wa choo," alisema. Shuleni mwalimu alitumia rula. Nilijifunza kuandika kwa kulia, na mwandiko wangu ni mzuri, lakini kila jambo lililohitaji shabaha ya kweli, kutupa jiwe, kutunga uzi kwenye sindano, mkono wa kushoto ulilichukua bila kuniuliza.

Nilimkuta baba nyumbani kwake Nateete, anapoishi tangu astaafu, akichambua maharage kwenye ungo.

"Baba, nataka kununua bunduki."

"Kuna wezi huko kwako?"

"Ya kuwinda."

Aliendelea kuchambua. "Nimebeba bunduki maisha yangu yote ya kazi. Sikuipenda hata siku moja."

"Hata mimi siipendi. Naihitaji."

"Basi chukua ya risasi nyingi. Bunduki ni kelele, mwanangu. Watu wanaogopa kelele."

"Swala si mfungwa, baba."

Alitupa kijiwe kimoja nje ya ungo. Nilidhani nimemkosea adabu, na huenda kweli nilimkosea, lakini sikuomba radhi. Alinipa maharage ya kuondoka nayo.

Leseni ilichukua miezi mingi. Barua ya mwenyekiti wa mtaa, vidole vyangu vyote kumi kwenye wino, maswali kuhusu akili yangu na usingizi wangu. Nilijibu yote. Hatimaye siku moja ya mvua nikapanda ngazi za duka la silaha mjini, kibali kikiwa ndani ya mfuko wa plastiki.

Muuzaji alikuwa bwana mnene, mpole. Aliweka bunduki tatu juu ya meza, akaipapasa ile kubwa kuliko zote.

"Mama, hii ndiyo wazee wote wanachukua. Inaangusha hata pundamilia."

"Mimi nataka ya swala."

"Inayoua pundamilia itashindwa swala?"

"Shoka linaloangusha mvule linakata kitunguu pia. Kwako mnakatia vitunguu shoka?"

Alicheka, akarudisha ile kubwa. Nilimweleza nilichokuwa nimekisoma na kukiuliza kwa muda mrefu. Nilitaka risasi nyembamba, ya milimita sita na nusu, ndefu kidogo, yenye baruti ya kiasi. Swala hana ngozi ya nyati. Kwa hatua mia moja, risasi ya namna hiyo ikiingia nyuma ya bega, kazi imekwisha. Ukubwa haurekebishi shabaha mbaya. Nilikuwa nimeliona hilo kwa macho yangu, chini ya mti wa miiba.

Akanipa nyepesi zaidi. Nikaiweka begani, bega la kushoto. Lile komeo, kipini cha chuma kinachovutwa nyuma ili risasi nyingine iingie, lilikuwa upande wa kulia. Kila mara ilinibidi niupitishe mkono juu ya bunduki nzima, kama mtu anayejikuna sikio la upande wa pili.

"Tumia mkono wa kulia, mama," akasema. "Utazoea."

Neno lile. Nililisikia kwa baba, kwa mwalimu, kwa mashangazi. Utazoea. Damu ilinipanda.

"Nilishazoeshwa mara moja. Sizoeshwi tena."

"Basi tutaagiza ya kushoto. Lakini ni kusubiri, na vibali vingine upya."

Ndipo nikaiona nyingine, imesimama kwenye kona nyuma yake, na vumbi kwenye mtutu. Nikaomba niione. Akasita, kama mwenye hoteli aliyeombwa chakula cha wafanyakazi. Ilikuwa bunduki ya zamani, ya kukunja. Unabonyeza kitasa, inavunjika shingo, unaingiza risasi moja, unaifunga. Basi. Haina komeo. Haina kulia wala kushoto.

"Aliiacha mzungu mmoja aliyehama," muuzaji akasema. "Hakuna anayeitaka. Ina risasi moja tu."

"Naona."

"Ukikosa je?"

"Sitafyatua mpaka nijue sikosi."

"Lakini ukikosa?"

"Nitakuwa nimekosa mara moja, si mara tano."

Haikuwa sita na nusu, ilikuwa saba. Lakini saba ya zamani, ya upole, na risasi zake zilikuwepo, maboksi kadhaa, na angeweza kuagiza nyingine. Niliifunga, nikasikia ule mlio wake, kama mlango wa kabati lililotengenezwa vizuri. Nikasema naichukua.

Darubini ya kulengea nayo ilileta ubishi. Alitoa moja nene kama chupa ya chai, inayokuza mpaka mara ishirini na nne, yenye taa nyekundu ndani. "Utaona hata kupe sikioni mwa swala," alisema. Niliielekeza dirishani, kwenye bango lililokuwa ng'ambo ya barabara. Kwanza sikulipata bango. Nilipolipata, herufi zilikuwa zinatetemeka. Mapigo ya moyo wangu ndiyo yaliyokuwa yakizitetemesha. Nikairudisha. Nikachagua ndogo, ya kukuza mara nne tu, isiyobadilika, yenye msalaba mweusi katikati.

"Hiyo ni ya wazee wa zamani, mama."

"Na wazee wa zamani walikula nyama."

Sikumweleza sababu yote. Darubini kubwa humdanganya mtu kwamba mnyama yuko karibu. Mimi nilitaka inayoniambia ukweli, kwamba bado yuko mbali, kwamba nishike njia nikamkaribie.

Tatizo moja lilibaki. Kitako cha mti kilikuwa kimechongwa kwa shavu la mtu wa mkono wa kulia, na kilikuwa kirefu kwa mikono yangu. Kansanga, karibu na ninapoishi, yuko seremala kutoka mashariki ya Kongo, anatengeneza milango na vitanda. Niliufungua ule mti kutoka kwenye chuma, chuma nikakifungia nyumbani, nikampelekea mti peke yake, umefungwa gazeti.

Alipoufungua alirudi nyuma hatua moja.

"Mama, hivi vitu mimi nilivikimbia."

"Najua. Ukikataa sitakulaumu."

"Ya kuua mutu?"

"Ya swala."

Aliutazama muda mrefu. Alipitisha kidole gumba juu yake, mahali ambapo shavu hulala. Nadhani mti wenyewe ndio uliomshawishi, ulikuwa mti mzuri. "Swala minakula," akasema mwishowe. Aliupiga randa upande mmoja, akaongeza kipande cha mvule upande wa pili, akakata kitako kwa upana wa vidole viwili. Kila baada ya muda aliniambia nifumbe macho, niuweke begani, nifumbue. Alisimama mbele yangu akitazama jicho langu limeangukia wapi. "Shavu lako ndiyo kipimo," alisema. Alikataa kabisa kuiona bunduki siku nilipouunganisha mti na chuma.

Bosi alipoiona alicheka mpaka akakaa. "Umenunua fimbo ya babu!"

"Tupime," nikasema.

Kwenye uwanja wa shabaha nilifyatua mara tano, kila mara nikikunja, nikitoa ganda, nikiingiza nyingine, bila haraka. Matundu matano yaliingia ndani ya duara la ukubwa wa kisahani cha kikombe. Bega halikuuma. Macho yalikuwa wazi mara zote tano.

"Karatasi haikimbii," bosi akasema.

Basi tukaenda ranchi. Mwenye ranchi, mzee mfupi mwenye kofia ya sufu, alikuwa na kibali cha kupunguza madume, na alimtaka mmoja mzee aliyekuwa akichechemea. Siku ya kwanza nilimfuata dume yule tangu asubuhi hadi mchana. Mara ya kwanza jike alikuwa nyuma yake. Mara ya pili nyasi zilimfunika bega. Mara ya tatu upepo uligeuka. Nilirudi na risasi yangu ileile.

"Umekuja kutembea?" bosi akauliza.

"Ndiyo," nikasema. "Na kesho natembea tena."

Kesho yake nilitambaa hadi nikabakiwa na hatua themanini. Alisimama ubavu. Nilisubiri ainue kichwa, nikavuta pumzi, nikaitoa nusu. Aliruka mara moja, akakimbia hatua chache, akaanguka. Nilipomfikia alikuwa ameshakufa, jicho bado linang'aa. Nilikaa chini karibu naye. Sikushangilia.

Bosi alikuja, akalichokoa tundu la risasi kwa kijiti. "Bahati," alisema. "Wageni wangu hawawezi kumwamini mtu mwenye risasi moja. Nilikwambia kubwa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Guu langu zima," nikamjibu. "Nimetembea nalo siku mbili na wewe ulikuwa umekaa garini."

Maneno yale yalinifukuzisha kazi, au niliacha mwenyewe, sijui ni lipi lilitangulia. Nilimkabidhi ufunguo wa ofisi palepale, juu ya boneti ya gari. Nilirudi Kampala kwa lori la maziwa. Nitasema kweli, nililia kuanzia Masaka, na dereva alikuwa na adabu ya kutouliza. Miaka sita na zaidi si kitu kidogo. Lakini nilikuwa na bunduki yangu magotini ndani ya mfuko wake, na sikutamani hata mara moja kuwa nimenunua ile kubwa.

Mwenye ranchi ndiye aliyenipigia simu baada ya wiki tatu. Hakuwa na maneno mengi. Alisema madume bado ni wengi kwenye malisho ya ng'ombe wake, na kwamba nyama ya yule dume mzee haikuwa na uchungu wa mnyama aliyekufa akihangaika. Nikamfanyia kazi. Jirani yake akaniita. Sasa nina ranchi mbili ninazozifanyia kazi, na wageni wachache wanaokuja kwangu moja kwa moja. Wengine wakiona bunduki yangu huuliza swali la muuzaji, nami nawajibu kama nilivyomjibu muuzaji.

Baba nilimpelekea ini la swala, Nateete. Alilikaanga mwenyewe kwa vitunguu.

"Risasi ngapi?" akauliza.

"Moja."

"Mkono gani?"

"Wa kushoto, baba."

Alitafuna. Nilingoja. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, nilikuwa na maneno ya miaka arobaini kifuani.

"Laini," akasema, akajiongeza kipande. Hilo tu. Sijapata zaidi ya hilo mpaka leo, na nimeacha kudai.

Mwezi uliopita nilikwenda kuhuisha leseni. Afande wa dawatini alisoma fomu yangu, akanirudishia kalamu.

"Hapa kwenye sababu, andika kujilinda. Wote wanaandika hivyo, inapita haraka."

"Nimeandika kazi, afande."

"Kazi gani mwanamke anafanya na bunduki?"

"Isome ilivyo, afande. Kazi ya kuwinda. Kibali cha wanyamapori hicho hapo chini yake."

Alinitazama, akatazama kibali, akanitazama tena. Watu kwenye foleni nyuma yangu walianza kuguna. Sikusogea. Alipiga muhuri, taratibu, kana kwamba wino ulikuwa wa kwake, kisha akainama na kuuliza kwa sauti ya chini kama naweza kumpatia mguu mmoja wa swala Krismasi.

"Omba kibali, afande," nikamwambia. "Mimi niliomba."