Recheti Isiyopiga Kelele

“Mama Kibonge, mimi si mtu wa maneno,” alianza Redio, na yeyote aliyepanga katika ua ule angejua hapohapo kwamba maneno yanakuja.

Redio alikuwa jirani wa ukuta mmoja. Jina alilipata kwa kuwa hazimwi, na betri zake haziishi. Siku hiyo alikuwa ameinamia beseni anasuuza mashuka, lakini jicho moja alilituma mlangoni kwa jirani yake, lihakikishe kama mama mkwe hajarudi.

“Kule karakana wanakoshona sare, wanasema mama mkwe wako anaharibu cherehani kwa makusudi. Anafunga leo, kesho skrubu imetoka, anaitwa tena. Eti anajipikia kazi. Overloki mbili, zile cherehani za kupiga pindo, tayari matundu yake yameliwa, skrubu hazishiki.”

“Nani kasema?”

“Mie nitajuaje? Lisemwalo lipo.” Redio akalikamua shuka kama ana ugomvi nalo. “Kesho anapimwa. Wamemwachia overloki moja aifunge mbele ya msimamizi. Ikikaa, yamekwisha. Isipokaa, anakabidhi ufunguo wa chumba cha ufundi, aje tukae naye hapa tuchambue mchele.”

Mama Kibonge alimhamisha mtoto kutoka nyonga moja kwenda ya pili. Kibonge lilikuwa jina la huyo mtoto, kwa ajili ya mikono yake iliyokatika mikunjo kama iliyofungwa uzi. Mama yake alikuwa mtu wa kuona kuliko kusema, na yapo aliyokuwa ameshayaona.

Mama mkwe wake, ambaye watu wote walimwita Fundi, alianza kutengeneza cherehani mwanawe akiwa hajaota meno. Mwana huyo sasa ndiye baba Kibonge, yuko mbali kwenye ujenzi wa barabara, anarudi kazi inaporuhusu. Nyumbani walibaki wanawake wawili, mtoto, na sanduku la chuma la vifaa. Sanduku hilo halikuguswa na mtu. Ukifagia, unalizunguka kama vile limelala na halitaki kuamshwa. Mama Kibonge alipoolewa, hilo lilikuwa somo lake la kwanza, kabla hata hajaonyeshwa chumvi inakaa wapi.

Zamani Fundi alipenda kumvalisha mjukuu wake. Siku hizi akifika kwenye vifungo husema, “Mwache apunge upepo,” kisha anajitafutia shughuli. Siku moja alishika mpini wa sufuria ikiwa motoni, akaendelea kuushika, mpaka pua ikamwambia kwamba kinachoungua ni yeye. Mama Kibonge aliweka dawa ya kupaka mezani bila kusema neno, na Fundi akaipaka bila kusema neno. Wawili hao mambo makubwa waliyazungumza hivyo.

Mchana huohuo Fundi alirudi mapema. Hakuvua viatu.

“Mwanangu, mbebe huyo mtoto twende dukani. Nataka recheti.”

“Recheti, mama?”

“Recheti ndogo, ule mpini wa kukazia unaokwenda na kurudi bila kuinuliwa, wa kushika biti za skrubu na soketi za nati. Bisibisi ndefu haifiki mle ndani. Inaingia upande, inateleza, inakula skrubu. Si mimi. Ni bisibisi.” Akatazama ukutani. “Si mimi,” akasema tena.

Mama Kibonge alifunga kanga mgongoni, mtoto ndani yake, akafuata. Tangu aingie nyumba ile, Fundi hakuwahi kutafuta wa kufuatana naye kununua hata msumari.

Duka la vifaa lilikuwa chumba chembamba kilichonuka grisi na mpira mpya. Mwenye duka walimwita Bei Moja, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumpunguza hata kwa machozi. Fundi alifika kaunta, akatoa kitambaa kifuani, akakifungua. Ndani mlikuwa na kipande cha sabuni ya kufulia.

“Fundi,” alisema Bei Moja, “hapa hatuogeshi watu.”

“Na mimi sijaja kuoga. Nionyeshe recheti.”

Sabuni ile ilikuwa kipimo. Alikuwa ameichonga kidogo kidogo na kuijaribisha katika uwazi ulioko nyuma ya gurudumu la overloki, mpaka ikaingia na kutoka bila kukwama. Kichwa cha recheti kikizidi unene wa sabuni hiyo, hakina kazi kwake.

Bei Moja alileta kwanza recheti ndefu inayong’aa kama kijiko cha wageni. “Hii inafungua hata gurudumu la lori.”

“Lori nitalipata wapi chini ya cherehani?” Fundi aliisogeza kando bila hata kuilinganisha.

Ya pili kichwa chake kililingana na sabuni. Fundi aliipeleka sikioni, akakizungusha kichwa polepole. Kra. Kra. Akatikisa kichwa.

“Meno yake makubwa, yamekaa mbalimbali. Mpaka nizungushe mkono kama ninayefungua lango ndipo ishike jino linalofuata. Mle ndani mpini unapata nafasi ya kusogea upana wa kidole, basi.”

Ya tatu ilikuwa na meno mengi, inalia kri-kri-kri kama mende kwenye karatasi. Bei Moja alimwekea kipande cha chuma chenye matundu, kile cha wateja kujaribia, na skrubu ilikuwa tayari imo nusu, imelegea. Fundi akavika biti, akazungusha mbele. Skrubu ikaenda. Akarudisha mkono ili ashike upya, na skrubu nayo ikarudi.

“Umeona? Ngumu kurudi. Nikimpeleka mbele, ananirudisha nyuma.”

“Kama ndoa nyingine,” alisema Bei Moja.

“Ya kwako hiyo. Lete nyingine.”

Mama Kibonge alicheka, lakini macho yake hayakutoka kwenye mikono ya mama mkwe. Aliona kwamba Fundi kila kitu alikipima kwa sikio na kwa jicho. Hakuna alichokipapasa. Mtu akinunua kanga huishika, akinunua nyanya huiminya. Fundi wa miaka yote hiyo alishika chuma kama anayeshika kwa glavu.

Ya nne ilitoka kwenye droo ya chini, ina vumbi. Ilikuwa fupi, haizidi kidole cha kati, na kilimi kidogo cha kubadilisha upande kilikaa mahali ambapo dole gumba halingekigusa kwa bahati mbaya. Fundi alipachika biti, akaigeuza kichwa chini, akaitikisa. Biti haikudondoka. Akapachika soketi ndogo, nayo ikatulia. Akaipeleka sikioni, akafumba macho. Haikulia kitu, labda mnong’ono tu, kama mtu anayepitisha kucha kwenye kitana mbali sana. Uso wa Fundi ukafunguka.

“Hii,” alisema. “Hii sasa.”

“Ijaribu,” alisema Bei Moja, akageuka kumhudumia mteja wa rangi.

Fundi akaokota skrubu ndogo kwenye sahani iliyokuwa kaunta. Ilimponyoka, akaiokota tena. Akaiweka katika tundu la kile chuma cha kujaribia, akaizungusha kwa ncha za vidole, akaridhika, akavika recheti juu yake. Mama Kibonge akaona. Skrubu ilikuwa imekaa upande, imeegemea ukingo wa tundu kama mlevi aliyeegemea mlango. Si upande sana. Ungehitaji kuwa na jicho la karibu au kidole kinachohisi ndipo ujue. Recheti ikaanza kazi yake, laini, bila malalamiko, mbele, nyuma, mbele, nayo skrubu ikazama vilevile ilivyopinda, ikiyakata meno ya tundu njia nzima.

Kumbe si bisibisi. Na recheti hii nzuri, kwa uzuri wake huohuo, ingeharibu kimyakimya kuliko bisibisi iliyokuwa angalau inateleza na kumshtua mtu. Kesho Fundi angeua overloki ya tatu huku anatabasamu.

Angesemaje? Mbele ya Bei Moja? Mkwe amwambie mama mkwe, fundi, kwamba hajui kuingiza skrubu?

“Mama, Kibonge atakivuta hicho chuma,” alisema, ingawa Kibonge alikuwa amelala mgongoni. Akakivuta kile chuma upande wake, akaigeuza skrubu kwa biti mpaka ikatoka. Kisha akaiweka katika tundu la pili kwa vidole vyake mwenyewe. Hakuipeleka mbele. Aliirudisha nyuma kwanza, taratibu, mpaka aliposikia imeshuka kidogo mahali pake, tik, ndipo akaipeleka mbele. Ikaingia imesimama wima. Akakirudisha chuma kwa mama mkwe bila kumtazama usoni.

Bei Moja aligeuka. “Vipi, imekubali?”

Fundi alikuwa anaiangalia ile skrubu. Aliiangalia kwa muda uliomtosha mteja wa rangi kutoka na kopo lake.

“Imekubali,” alisema. “Nifungie.”

Walipofika kona ya mshona viatu, Fundi alipunguza mwendo.

“Nani alikufundisha kurudisha nyuma kwanza?”

“Hakuna, mama. Ni chupa ya Kibonge. Kifuniko ukikilazimisha kinakaa upande, maziwa yanavuja kitandani. Ukirudisha kwanza, chenyewe kinakuonyesha pa kuingilia.”

“Chupa,” alisema Fundi. Usiku ule alikula mgongo ameugeuzia taa.

Asubuhi alisimama mlangoni amevaa koti lake la kazi. Vifungo vya juu viwili vilikuwa wazi. Akaliangalia sanduku la chuma, kisha akamwangalia mkwewe.

“Nibebee.”

Mama Kibonge alidhani hakusikia vizuri.

“Sanduku, mama?”

“Una lingine? Mtoto njoo naye.”

Redio alikuwa uani kama kawaida. Alipoona sanduku lile mikononi mwa mkwe, mdomo ulifunguka na kwa mara ya kwanza hakikutoka kitu.

Karakana ilikuwa ukumbi mrefu, vyerehani safu mbili, vumbi la kitambaa cha bluu kila mahali mpaka kwenye nyusi za washonaji. Msimamizi, mwanamume mnene mwenye futi ya kupimia shingoni, alisimama karibu na overloki iliyofunguliwa. Washonaji walijifanya wanakata nyuzi. Mashine zao zilikuwa zimenyamaza zote.

“Karibu, Fundi,” alisema msimamizi. “Mimi sina neno na wewe. Ila nimeambiwa mengi.”

“Na mimi nimeambiwa,” alisema Fundi, akapiga goti.

Akafanya kazi, na ilikuwa raha kumtazama. Aliinamisha sikio, akalizungusha gurudumu kwa kiganja, akajua mkono wa sindano umesogea kabla hajauona. Soketi ndogo ikavikwa kwenye recheti, ikaingia katika ule uwazi pasipo kugusa kuta, nati zikakaza moja baada ya nyingine kwa mnong’ono. Mshonaji mmoja mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mama Kibonge alisimama nyuma, mtoto nyongani, sanduku miguuni.

Ikabaki skrubu ya kufunga kisahani kilichoko mdomoni mwa ule uwazi, ile ndogo, ile iliyokula matundu ya mashine mbili.

Fundi akaitoa kwenye kifuniko cha kopo alimoweka skrubu. Akaiweka tunduni, akaizungusha kwa vidole. Mama Kibonge akakaza macho. Imeegemea. Imeegemea vilevile. Kibonge akamvuta sikio, hakusikia hata maumivu.

Fundi akavika recheti. Mbele kidogo. Akasita.

Alisubiri kitu. Alisubiri vidole vimwambie, na recheti ile laini haikumwambia lolote. Akaisogezea sikio, ikanyamaza.

“Vipi, Fundi?” aliuliza msimamizi. “Kaza tumalize.”

Fundi aliitoa recheti juu ya skrubu, akailaza sakafuni kwa upole, kama mtu anayelaza kifaranga. Akainua mikono yake miwili.

“Nilisema kosa ni la bisibisi. Si la bisibisi,” alisema. “Vidole hivi havisikii. Vimekufa ganzi tangu kabla ya mvua kuanza. Skrubu ikikaa upande, mimi sijui, nakaza tu. Mashine mbili nimeziharibu hivyo. Kwa makusudi, hapana. Ni kwa aibu.”

Hakuna aliyecheka. Yule mshonaji mzee alisema taratibu, “Mficha maradhi…” akaliacha neno hapohapo.

Msimamizi aliivuta futi shingoni upande mmoja, kisha wa pili. “Sasa mama yangu, fundi asiye na vidole…”

“Ana macho. Ana sikio. Umeniona mwenyewe sasa hivi nikitafuta ugonjwa wa hii mashine. Kilichopungua ni kuanzisha skrubu tu.”

“Na hivyo vidole vya kuanzishia utavinunua wapi? Kwa Bei Moja?”

Hapo wachache walicheka. Fundi naye nusura acheke. Akageuza shingo, akamtafuta mkwewe kule nyuma, na macho yake, ambayo tangu jana yalikuwa yakikwepa, yakatulia juu yake.

“Mwanangu,” alisema, “mpe bwana msimamizi huyo mtoto amshike. Njoo unianzishie hii skrubu.”