Sikukuu Isiyopigiwa Spika

Kila ikifika Novemba, Scolastika alijua amani yake imekwisha. Banda lake la wali pale sokoni Nyarugusu lilipakana na duka la simu la Eustace, na Eustace alikuwa na spika mbili ndefu kama watu wazima. Kutwa zilipiga nyimbo za Krismasi za siku hizi, zenye maneno yale yale: Mungu kaniinua, mlionicheka mko wapi. Wachimbaji wa dhahabu wakija kula, waliagiza kwa vidole.

Siku moja alimwendea. "Baba Noela, punguza kidogo."

Eustace akatabasamu kama mtu anayemhurumia mgonjwa. "Mama Onesmo, wimbo wa Bwana haumkeri mtu wa Bwana. Anayekereka ana lake jambo."

Maneno hayo yakazunguka soko zima. Scolastika, aliyeimba kwaya kigangoni tangu usichana wake, akaitwa mama asiyempenda Yesu. Aliendelea kupakua wali.

Kisha shimo likamfukia Marwa, mchimbaji aliyekuwa mteja wake. Baada ya mazishi, mjane wake Bernadina aliletwa bandani anywe walau uji. Alipoinua kikombe, spika zikampigia kelele usoni: walionicheka leo wanalia.

Scolastika akaweka upawa chini. Akaingia dukani kwa Eustace, akachomoa waya ukutani.

Watu wakajaa mlangoni. "Unapigana na Mungu, mama," Eustace alisema.

"Napigana na wewe. Yesu alizaliwa zizini na hakumsimanga mtu. Huyu mwenzetu kafiwa, wewe unamwimbia kwamba kakomeshwa. Adui yako hapa ni nani? Mtaje tumjue."

Nasibu, fundi cherehani wa ng'ambo ya njia, akasema, "Mimi Mwislamu nilikaa kimya, nikiogopa kuambiwa naleta udini. Lakini mama amesema kweli." Wengine wakaitikia, hata wale waliosali kanisa moja na Eustace. Mwenyekiti wa soko akaamua palepale: muziki usivuke mlango wa duka.

Krismasi ile banda lilijaa watu waliotoka misa. Walibishana mpira, wakacheka, wakasikilizana. Bernadina alikuja na wanawe, na Nasibu akavuka njia kuja kula. Scolastika aliimba huku akipakua pilau, sauti ya kwanza ya kigangoni, na kina mama wakaudakia wimbo.

Mchana Eustace naye akaja, kofia mkononi. "Shikamoo, Mama Onesmo. Pilau imebaki?"

"Marahaba. Ipo. Kaa hapo karibu na Nasibu," akasema, akaendelea na ubeti wa pili.