Niliandika sifuri kwenye fomu ya dada yangu: mradi wa dawa za malaria, Kilombero, miaka ya tisini

Wakuu, salamu kwenu nyote, wakubwa shikamooni.

Humu nimekuwa msomaji wa kimya kwa muda mrefu. Leo naandika, na chumvi sitaongeza, maana hata bila chumvi jambo lenyewe linanikaa kooni.

Majina nimebadilisha. Mradi siutaji. Ulikuwa mdogo, ulikuja ukaondoka, kwa hiyo msianze kubashiri ofisi za watu.

Ni miaka ya tisini, Ifakara. Nimemaliza form four, sina mbele wala nyuma, nikapata kazi ya kuzunguka vijijini kuuliza watu maswali. Nikapewa baiskeli, begi la fomu na kofia. Kwa kijana wa pale wakati ule, we acha tu. Nilikuwa napita sokoni bila sababu ili nionekane.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi.

Wakubwa walitaka kuamua dawa ya malaria ya watoto ikae wapi msimu wa mpunga. Njia ya kwanza, ibaki zahanati, mama amlete mtoto. Njia ya pili, wafundishwe watu wachache kule kule mashambani, wakae na dawa kwenye sanduku, mtoto akichemka anapewa palepale.

Kwa wasioijua Kilombero: mvua zikichanganya, familia nyingi zinahama kijijini zinakwenda kuishi bondeni kwenye madungu, vile vibanda vya juu ya miti, kulinda mpunga usiliwe na ndege na nguruwe. Kutoka huko mpaka zahanati unatembea kwenye maji tangu asubuhi, mtoto mgongoni.

Mradi ukamleta mtaalamu kutoka Dar. Nitamwita Mchumi. Alikuwa mtu mpole, hana majivuno. Alitueleza kwamba anajenga modeli. Unaingiza gharama zote za kila njia, unaingiza na watoto wanaotarajiwa kupona, kompyuta inakuonyesha njia ipi inaokoa zaidi kwa fedha iliyopo. Sisi kazi yetu ni kumletea namba za kweli.

Kwenye fomu kulikuwa na swali: mama anafanya kazi gani, na anapoteza nini siku akimpeleka mtoto zahanati. Maelekezo yalisema asiye na kipato, muda wake andika sifuri.

Nikafika mashamba ya upande wa Namawala. Huko alikuwako dada yangu Generosa, wa kwanza kuzaliwa kwetu, ndiye aliyenibeba mgongoni nikiwa mdogo. Alikuwa na binti yake Ade, miaka mitatu, mtundu kweli. Shemeji alikuwa kwenye mashamba ya miwa anakata miwa, anarudi kwa nadra.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Leo umekuja na makaratasi?"

Tukacheka. Nikafika kwenye swali lile. "Dada, kazi yako?"

"Mimi? Sina kazi, nalima tu."

Wakuu, karibu wanawake wote niliowauliza walijibu vilevile. Dada alijibu akiwa na kombeo mkononi. Kila baada ya maneno mawili matatu anarusha donge la udongo, kundi la ndege linaruka, linatua mbele kidogo, anarusha tena.

Mimi nimesimama kwenye kivuli cha dungu lake. Nikaandika sifuri.

Fomu zilipokwisha nikahamishiwa ofisini kuingiza data. Hapo ndipo nikaiona safu nzima ya muda wa akina mama, juu mpaka chini, sifuri tupu. Roho ikanisuta kidogo. Lakini kulikuwa na fununu za mkataba mwingine, na mimi nikajiambia wenye shahada zao wanajua wanachofanya.

Matokeo yakatoka. Njia ya pili ilikuwa na gharama za mafunzo, masanduku na usafiri. Njia ya kwanza ilionekana rahisi mno, kwa sababu kutembea kwa mama hakukugharimu kitu.

Ukaitishwa mkutano. Mchumi akaeleza vizuri, watu wakaandika. Kisha akasimama nesi mmoja mtu mzima wa zahanati ya vijijini.

"Samahani mwanangu. Huyu mama anayetoka dunguni, siku nzima hayupo shambani kwake. Hiyo siku mmeiweka wapi?"

Mchumi akanigeukia. "Kijana wetu ndiye aliyekuwa huko, atatusaidia."

Nikasimama. Nilikuwa na jibu, wakuu. Nilikuwa nimeliona kwa macho yangu: dada na kombeo lake.

Nikasema, "Wenyewe walisema hawana kazi."

Watu wakacheka kidogo. Yule nesi hakucheka. Alikaa tu.

Dawa zikabaki zahanati.

Msimu uliofuata, mpunga ukiwa unaiva, nikaletewa habari ofisini kwamba Ade amefariki. Nilipanda ile baiskeli sijui hata nilipita wapi.

Dada alinisimulia baada ya maziko, tumekaa kwenye mkeka.

"Alianza Jumatatu. Ndege walikuwa kama moshi, na niko peke yangu. Nikasema nikiondoka leo, mwaka mzima tunakula nini? Nikamkanda maji. Jumanne akanywa uji, akacheka. Nikasema ameshapona. Jumatano alfajiri degedege likaanza."

Akambeba. Alitembea kwenye maji akimwongelesha njia nzima. Anasema kuna mahali mtoto akawa mzito ghafla, akadhani amelala.

Aliyemfungua kanga kule zahanati ni yule yule nesi.

Nilirudi ofisini nikamweleza Mchumi yote.  Aliwasha kompyuta, akaniuliza siku moja ya mwanamke msimu wa ndege inaweza kupoteza mpunga kiasi gani. Nikamwambia. Akabadilisha zile sifuri.

Njia ya pili ikawa ndiyo nafuu.

Akanigeukia. "Mbona hukusema siku ile?"

"Wewe ndiye uliyetufundisha tuandike sifuri."

"Kweli, niliwafundisha," akasema. "Lakini mimi sikuwaona. Wewe uliwaona."

Aliandika barua ya kusahihisha ripoti. Jibu lilikuja kwamba mipango ya mwaka imeshapitishwa. Baadaye mradi ukafungwa, kila mtu akashika njia yake.

Najua kuna mtu atasema ni mpango wa Mungu, au kwamba hata dawa ingekuwa dungu la jirani mtoto angeweza kufa. Inawezekana. Hilo nimelizungusha kichwani miaka yote na halijanisaidia kulala.

Dada nilimwambia ukweli baada ya miaka mingi, mama yetu ameshatangulia. Alikuwa anapepeta mchele uani.

"Kwa hiyo yule nesi aliuliza?"

"Aliuliza."

"Na wewe ulijibu nini?"

Nikamwambia nilivyojibu, neno kwa neno. Ungo haukusimama. Alipepeta mpaka mchele ule ukaisha, ndipo akasema, "Shemeji yako usimwambie."

Basi. Hatujalizungumza tena mpaka leo.

Wakuu, nilichojifunza ni hiki. Kompyuta haidanganyi, inaamini ulichoilisha. Ukitumwa kumuuliza mtu swali na ukaona kwa macho yako kwamba jibu lake halitoshi, andika ulichokiona, hata pembeni ya fomu. Na ukiulizwa mbele za watu, sema.

Mliowahi kufanya kazi hizi za fomu, au mliowahi kuhojiwa nazo, karibuni mchangie. Wa kunitukana pia aje, nitasoma.

Nikienda kwa dada ananipikia vizuri, na wakati wa kuondoka ananifungia mchele. Ila tukibaki wawili tu, hakai. Daima kuna kitu anakwenda kukiangalia jikoni.