Onyesho Bora Nililompelekea Mama Mkwe

Jamani, hii habari naisimulia huku nacheka, lakini msidanganyike, mpaka leo nikipita njia ya Songwa masikio yananiwaka moto.

Kazi yangu hapa Kalangalala, Geita mjini, ni kuwawekea watu filamu na nyimbo kwenye flashi, na kama kuna kitu najidai nacho ni kumjua mchekeshaji mmoja wa jukwaani, yaani hata ukiniamsha usingizini nitakupangia kazi zake, ipi ya kwanza na ipi ya mwisho. Ile filamu yake ya mlinzi anayeogopa giza ni nzuri, ile ya mchungaji aliyepoteza kondoo (kondoo wa kweli, siyo waumini) ni nzuri zaidi, ila yule mtu umwone akiwa peke yake na kipaza sauti, maana kwenye filamu anasaidiwa na wenzake, jukwaani hana pa kujificha.

Sasa, mama mkwe wangu alikuwa hajacheka tangu tumzike kitinda mimba wake, aliyefukiwa na shimo la dhahabu kule Mwakitolyo. Hata chakula alikuwa anadokoa tu. Mke wangu akaniambia, "Baba Limi, wewe unayewatafutia watu wote vichekesho, mtafutie na mama yangu." Nikakusanya kazi za yule mchekeshaji, zile bora tupu, iliyo bora kuliko zote nikaiweka ya kwanza, tukaenda kwao Songwa.

Mnajua mambo ya kwetu. Kwa wakwe zangu mila bado inashikwa: mkwe wa kiume haingii alipokaa mama mkwe, hamtazami usoni, hata salamu mnapeana mkiwa mmetenganishwa na ukuta. Kwa hiyo flashi nikampa shemeji aichomeke kwenye runinga, ndani wakakaa mama, mashangazi na majirani, mimi nikawekewa kigoda nje ya dirisha, nimetega sikio kusubiri kicheko kimoja tu.

Wakacheka mashangazi. Wakacheka majirani. Mama kimya. Ndipo nikasikia yule bwana jukwaani anasema, "Sasa tumzungumzie mama mkwe wangu," nikaruka kutoka kwenye kigoda, kwa sababu kile kipande nimekikariri: anaiga anavyotembea, anavyokula, anavyokoroma, na mwisho (Mungu wangu) anavyooga. Na ndicho kilichonifanya niliweke onyesho lile namba moja! Nimekitazama mara nyingi, lakini siku zote dukani, hedifoni masikioni, peke yangu. Sikuwahi kujiuliza nani anaweza kuwa amekaa pembeni.

"Shemeji, zima!" Wapi. (Kumbe rimoti shangazi ameikalia.) Jukwaani ameshafika kwenye kukoroma. "Shemeji, zima hicho kitu!" Na kuoga kunakuja. Nikaona bora nivunje mila kuliko aibu ile ifike mwisho, nikajitosa ndani, macho nimeyafumba kwa heshima, na aliyefumba macho haoni waya. Waya ukachomoka, runinga ikazima, mimi chini kifudifudi, na nilipofumbua macho nikawa natazama miguu ya mama mkwe.

Mama akajifunika uso wote kwa khanga, mabega yanatetemeka. Shangazi akasema, "Mayu wane, mama yangu! Mkwe gani huyu!" Baba mkwe akanitoza mbuzi palepale, tukarudi Geita. Niliumia sana. Nilikwenda kumfariji mtu mwenye msiba, nikamwongezea machozi.

Wiki iliyofuata mama akapiga simu. Mke wangu akasikiliza, akanigeukia huku ameuma mdomo.

"Mama anasema siku hizi anakula. Anasema siku ile ulivyoanguka alikuwa anacheka ndani ya khanga, aliogopa tu mashangazi wasimwone." Akasikiliza tena. "Anauliza, yule mtu baada ya kukoroma alifanya nini? Flashi uirudishe. Ila wewe ubaki hukohuko."

Nimeirudisha, kwa mkono wa mke wangu. Na nimeapa: nitawachagulia watu vichekesho mpaka nizeeke, lakini kwanza nitauliza watatazama wakiwa na nani, na siku anayotazama mama, mimi nitakuwa Kalangalala.