Nyundo Chini ya Landrova

Fundi wa Landrova haanzi na injini. Hutandika gunia chini ya gari, akalala chali, akasogeza sikio kwenye chesisi, fremu ya chuma inayobeba bodi, na kuigonga kwa nyundo ndogo, shibiri kwa shibiri, kama daktari anayepima kifua. Chuma kizima hulia. Kilicholiwa na kutu hukohoa. Ukimsemesha katikati ya kazi, huanza upya kutoka bampa la mbele. "Bodi ni alumini, haishiki kutu," huwaambia wenye magari. "Ndiyo maana inawadanganya."

Leo gari ni la shemeji yake, lina miaka arobaini, na mkunga anakuja saa nne kulinunua ili awavushe wajawazito mtoni. Nyuma, karibu na springi, chuma kimekohoa. "Paka rangi tu, shemeji," mwenye gari ananong'ona, kopo mkononi. "Nani atalala huko chini kuchungulia?" "Mimi nimelala." "Sasa dada yako nikamwambie nini? Mteja ndiye huyo anakuja!" Fundi anagonga pigo moja la nguvu, nyundo inazama hadi mpini, na kutu inammwagikia kifuani. Anajipangusa, kisha anachora duara la chaki kuzunguka tundu, taratibu, bila kuruka mahali. Mkunga anabisha getini. "Mkaribishe," anasema fundi, akitandika gunia la pili kando ya lake. "Mwambie aje alale hapa, asikilize mwenyewe."