Kompyuta ya Mkunga

Mtaa mzima ulimwita Mkunga, ingawa alikuwa amestaafu miaka sita iliyopita. Kila asubuhi, akishamaliza kufagia, alibonyeza kitufe cha kompyuta yake kuukuu, akavuta kiti na kuisubiri. Feni ilikoroma kama mtu mwenye mafua. Kioo kilibaki cheusi dakika kumi nzima, na katika weusi ule wodi ilimrudia: taa ya manjano, sakafu iliyotoka kupigwa deki, mama aliyecheka katikati ya uchungu, pacha waliozaliwa wameshikana vidole. Kioo kikiwaka, aliandika alichokiona. Alikuwa amefika mtoto wa mia tatu na kumi.

Siku moja kompyuta ilizimika katikati ya sentensi, isiwake tena mpaka jioni. Bintiye aliposikia, alikuja juu.

"Mama, hiyo tupa. Nitakuletea mpya, nyepesi, unaibeba mpaka kitandani."

"Na vidole vyangu vilivyozoea hii?"

"Vitazoea. Kwani sisi tulizaliwa tumekuzoea?"

Mkunga alicheka, lakini moyo ulisita. Wakaipeleka kwa fundi, dada mpole mwenye miwani iliyoteremka puani. Aliifungua, akapuliza vumbi.

"Ina miaka mingapi?"

"Kumi na minne."

"Basi huyu ni babu. Lakini bado anafaa. Diski ndiyo imechoka, siku yoyote itaondoka na kila kitu. Nikiweka mpya na kuongeza memori, itawaka kabla hujakaa."

Kabla hujakaa! Mkunga alihisi kama mtu anayeamshwa ndoto ikiwa tamu.

"Huwezi kubadilisha diski, uvivu wake ukauacha?"

Bintiye alitazama dari. Fundi akatabasamu. "Mama, watu wananilipa niuondoe."

Mkunga alikipapasa kile kitufe. "Haya, weka," alisema. "Wale watoto siwezi kuwapokea mara ya pili."

Kesho yake kompyuta iliwaka papo hapo, kimya. Ukurasa mweupe ulimkodolea macho, vidole havikusogea. Akauacha hivyo, akaenda dirishani na kikombe chake cha chai. Uani kwa jirani mashuka yalikuwa yameanikwa, yakijaa upepo na kunywea, yakijaa na kunywea, kama yanapumua. Alisimama pale mpaka chai ikapoa mkononi.

Kisha akarudi mezani, akaandika: wa kike, alipiga chafya kabla ya kulia.